Mama anatumia mofini na analala mno: tumwachishe?

Swali: "Shikamoo. Mama yangu ana miaka 58, ana saratani ya mlango wa kizazi. Alipata mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, sasa tunamuuguza nyumbani Tanga. Wiki mbili zilizopita alianzishiwa mofini ya maji, mililita 5 kila baada ya saa 4. Maumivu yamepungua, lakini analala mno na usingizi unazidi, na leo ni siku ya sita hajapata choo. Kaka anasema huo ni unga ule ule wa mateja, ama tutamuua mama ama tutamfanya teja, kwa hiyo mimi nampa anapolia tu. Jirani ametushauri tumpe tramadoli ya dukani badala yake, na jioni tunamwongezea diklofenaki. Naomba kujua madhara ya dawa hii na kama tumwachishe. Pia siku hizi mkojo umepungua, na akilala mikono inamshtukashtuka, sijui ni malaria."

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuuguza. Nitajibu yote uliyouliza, ila naanzia sentensi yako ya mwisho, ile uliyoitia kama nyongeza, kwa sababu hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko choo, kuliko usingizi na kuliko maneno ya kaka yako.

Mkojo kupungua na mikono kushtuka kwa mgonjwa anayetumia mofini ni jambo la leo. Usingoje siku ya kliniki. Wapigie waliomwandikia dawa, au mpeleke hospitali iliyo karibu, uwaambie mambo haya kwa mpangilio huu: ana saratani ya mlango wa kizazi, yuko kwenye mofini kwa wiki mbili, mkojo umepungua, misuli inashtuka, usingizi unaongezeka badala ya kupungua, na amekuwa akipewa diklofenaki. Waombe wapime figo. Ukimaliza kuongea nao, rudi usome yanayofuata.

Sababu yake ni hii. Mofini ikishafanya kazi yake, ini huivunja, na mabaki yake hutolewa na figo kwenye mkojo. Mabaki hayo si takataka tupu: mengine yana nguvu ya kutuliza na kulaza kama dawa yenyewe, mengine huchokoza neva. Figo zikilegea, yote hayo hubaki mwilini na kurundikana, na dozi iliyomfaa wiki iliyopita inageuka kubwa bila mtu kuongeza hata tone. Dalili zake ni kama hizo ulizoandika: usingizi unaozidi, misuli kurukaruka, wakati mwingine kuchanganyikiwa au kuongea na watu wasiokuwepo chumbani. Mlango wa kizazi uko jirani kabisa na mirija miwili inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofu. Uvimbe ukiibana mirija hiyo, figo huharibika kimyakimya, bila maumivu mapya ya kumshtua mtu. Na diklofenaki hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Kwa mtu mwenye figo nzima anayeitumia siku mbili tatu, aghalabu hakuna neno. Kwa mama yako, iacheni leo hii.

Inawezekana pia figo zinafanya kazi na mkojo unatengenezwa, ila hautoki. Mofini huweza kukaza mlango wa kibofu, na choo kilichojaa siku sita hukandamiza kibofu kutoka nyuma. Weka kiganja chini ya kitovu chake, taratibu. Ukihisi tumbo la chini limejaa na ni gumu, naye anaumia ukimgusa, litaje hilo kwenye simu. Huenda atahitaji mpira wa mkojo. Malaria nayo mpimeni, kipimo chake hakichukui muda. Nisichotaka ni ununue mseto dukani, umpe, kisha mkae mkisubiri.

Kabla ya dozi inayofuata, fanya jambo moja. Keti kando ya kitanda akiwa amelala, shika simu yenye saa inayoonyesha sekunde, uangalie kifua au shuka inavyopanda. Kila ikipanda hesabu moja, kwa dakika nzima, usikadirie kwa nusu dakika. Kisha mwite kwa jina, mguse bega. Akipumua mara 12 au zaidi na akakuitikia kwa maneno yanayoeleweka, hana hatari ya papo hapo. Zikiwa chini ya 10, usimpe dozi hiyo, piga simu kwanza. Zikiwa chini ya 8, au anakoroma kwa vipindi na pumzi inakatika katikati, au midomo imebadilika rangi, au haamki hata ukimtikisa, hiyo ni dharura: mlaze ubavu, tafuteni usafiri. Hospitali wana sindano ya naloksoni, inayoiondoa mofini mahali inapofanyia kazi. Usimpe maziwa. Najua kwetu maziwa ndiyo dawa ya kila sumu, lakini mtu asiyeweza kuamka ukimmiminia kitu mdomoni kinaingia mapafuni. Kahawa vivyo hivyo, hata maji.

Watu wengine huogopa wakiona mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Hilo peke yake lisikutishe. Kila anayetumia mofini mboni zake husinyaa. Cha kutazama ni pumzi na kuamka kwake.

Sasa usingizi wenyewe. Siku mbili tatu za mwanzo, pengine hadi wiki, mgonjwa hulala sana, na familia nyingi hapo ndipo hushtuka. Sehemu ya usingizi huo ni deni. Mtu aliyekesha mwezi mzima kwa maumivu, ukimwondolea maumivu atalala, hata ungemwondolea kwa njia nyingine. Baada ya hapo mwili huzoea, mgonjwa anakaa, anaongea, anauliza wajukuu wamekula nini. Kwa mama yako wiki mbili zimepita na usingizi unaongezeka. Ndiyo maana sikwambii "ni kawaida, vumilia".

Umeandika kwamba unampa anapolia tu. Nakuelewa, unamhurumia na unaiogopa dawa kwa wakati mmoja. Lakini katika miaka yangu ya kutoa dawa kwa wagonjwa wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya ugonjwa mzito, desturi hii ndiyo niliyoona ikileta matatizo kuliko nyingine yoyote. Mofini ya maji huanza kufanya kazi kama nusu saa baada ya kunywewa, hufika kileleni kwenye saa moja hivi, na ikifika saa ya nne imekwisha. Ukingoja alie, maumivu yameshapanda, na dozi iliyotosha kuyazuia yasije haitoshi kuyashusha. Anaendelea kulia, unaongeza nyingine, mwisho zinamkuta zote mbili pamoja, analala fofofo. Kaka anaogopa, mnaruka dozi tatu, maumivu yanarudi yamepevuka. Siku nzima mgonjwa anapanda na kushuka kati ya kulia na kuzimia usingizini, na lawama zote zinaiangukia chupa.

Dawa hii hutolewa kwa saa, aumwe asiumwe. Kwa kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Ile ya mwisho mara nyingi daktari huiandika mara mbili ya nyingine ili mgonjwa asiamshwe saa 8 usiku, lakini uitoe hivyo ikiwa tu imeandikwa kwenye karatasi yake. Maumivu yakichomoza katikati, kuna dozi ya akiba, aghalabu sawa na dozi ya kawaida. Nayo muulize aliyemwandikia. Kila unachompa kiandike kwenye daftari, saa na kiasi, kwa sababu usiku wa manane akili ya anayeuguza haikumbuki kama ameshatoa au bado. Ila nakusihi, ratiba hii usianze leo kabla hujapata jibu la figo. Kama zimedhoofika, huenda wataipunguza dozi, au wataitenganisha kwa saa 6 au 8, au watambadilishia dawa kabisa. Ukimrudishia saa 4 leo kwa sababu mimi nimesema, utakuwa umenisikia vibaya.

Kitu kingine: umeniandikia mililita. Mililita ni wingi wa maji yaliyomo kijikoni, miligramu ndiyo wingi wa dawa iliyomo ndani ya maji hayo. Mofini ya maji huchanganywa kwa nguvu tofauti. Uganda, ambako shirika la tiba shufaa la Hospice Africa lilianza kazi mwaka 1993, hutiwa rangi ili watu wasizichanganye: ya kijani ina miligramu 5 katika mililita 5, ya waridi miligramu 50, ya buluu miligramu 100. Kijiko kilekile, tofauti mara ishirini. Usiitumie rangi hiyo kuwa kipimo huku kwetu, soma lebo. Mama akipewa chupa mpya kutoka kituo kingine, usiendelee na "kijiko kama cha siku zote" kabla hujauliza nguvu yake.

Na kijiko chenyewe ni kipi? Nyumba moja niliyotembelea, dawa ilikuwa dirishani kwenye chupa ya soda, kipimo ni kijiko cha wali kilichokuwa juu ya sahani. Karatasi ilisema mililita 5. Nilichota maji kwa kijiko kile nikayavuta kwa bomba la sindano mbele ya wenyeji: karibu mililita 15. Bibi yule alikuwa akipewa dozi tatu kila mara, halafu kwa siku nzima asipewe kabisa kwa sababu "imemlewesha". Omba bomba la sindano la mililita 5 au 10, lisilo na sindano, uvute hadi kwenye mstari, umsukumie polepole ndani ya shavu.

Tuje kwenye choo. Hili ndilo dhara ambalo mwili hauzoei. Kichefuchefu huisha, usingizi huisha, choo kigumu kitabaki naye maadamu anatumia dawa, kwa kuwa mofini hupunguza mwendo wa utumbo na maji yote yananyonywa. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili au sena, ilitakiwa ianze siku ile ile ya mofini. Kama hamkupewa, hilo ni kosa letu sisi wa dawa, si lenu. Wenzetu wa tiba shufaa katika nchi zetu hutumia pia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa, na zinasaidia. Matembele na maembe ni mazuri kama anakunywa maji ya kutosha. Kumjaza makapi mtu asiyekunywa ni kuziba bomba zaidi.

Lakini siku sita ni nyingi, kwa hiyo usianze na bisakodili kwa kubahatisha. Kama tumbo limevimba, anatapika, na hata upepo hautoki, utumbo unaweza kuwa umeziba, na dawa ya kuusukuma itamtesa. Hospitali watamkagua kwanza. Usimpige bomba la maji la njia ya haja kubwa nyumbani pia. Mionzi huacha ngozi ya ndani ya njia ya haja kubwa ikiwa laini mno. Na ukiona ghafla anachafua nguo kwa majimaji kidogo kidogo, usidhani ni kuharisha ukampa dawa ya kufunga. Mara nyingi ni maji yanayopenya pembeni ya choo kilichoganda.

Madhara mengine nayataja upesi. Kichefuchefu cha siku za mwanzo, ambacho Plasil kabla ya chakula hukituliza. Kuwashwa mwili. Mdomo kukauka: mpe maji kwa tone tone, kipande cha nanasi anyonye, umsafishe ulimi.

Tramadoli. Mwambie jirani ahsante, lakini hapana. Watu wanaiona nyepesi kwa sababu inapatikana kirahisi, kumbe ni ndugu wa mofini, na ina hatari ambazo mofini haina: inaweza kuleta degedege, hasa kwa dozi kubwa, na haipatani na baadhi ya dawa za mfadhaiko na za maumivu ya neva, kama amitriptilini, ambayo wagonjwa wengi wa saratani huwa nayo. Nayo pia hutegemea figo. Ukimpa juu ya mofini, umezipandanisha dawa mbili za jamii moja, na mzigo ni wa pumzi zake. Hatari hiyo hiyo iko kwenye kuchanganya mofini na diazepamu, na pombe, na hata vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi kama Piriton. Vifo vingi vya dawa hizi hutokana na mchanganyiko.

Na kama nyumba hiyo ina watoto: ndugu mwingine wa jamii hii ni kodeini, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi. Ini huigeuza kuwa mofini, na kuna watu ambao maini yao huigeuza kwa kasi kubwa kupita kawaida. Uchunguzi uliofanywa Ethiopia uliwakuta karibu watatu katika kila watu kumi. Marekani mwaka 2017 ilikataza kodeini na tramadoli kwa watoto wa chini ya miaka 12, baada ya watoto kufa. Mtoto akikohoa, mpe chochote kingine.

Sasa kaka yako. Usimwone mjinga. Watu wa Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja wamezika vijana kwa ajili ya unga, na anachosema kina mzizi: heroini hutengenezwa kutokana na mofini, na ikiingia mwilini hurudi kuwa mofini. Huko Marekani nako, mwaka 1996 iliingia sokoni OxyContin, kidonge cha jamii hii, ikinadiwa kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Ikaandikwa kwa wingi kwa maumivu ya mgongo ya miaka na miaka. Kampuni iliyoitengeneza ilikiri makosa mahakamani mwaka 2007 na tena mwaka 2020. Wengi waliozoea vidonge walihamia kwenye heroini, kisha ikaja fentanili ya mitaani, dawa ya jamii hii iliyo kali zaidi, na mwaka 2021 peke yake dawa za jamii hii ziliua watu zaidi ya 80,000 nchini humo. Hofu ya kaka ni ya haki.

Ila amwangalie mama. Teja hutafuta dawa ili alewe, anazidisha, anaiba, anaendelea ingawa inambomoa. Mama anakunywa kiasi kilichoandikwa, kwa mdomo, ili aweze kugeuka kitandani. Baada ya wiki kadhaa mwili wake utakuwa umeizoea, na hilo ni tofauti na uraibu. Ila ndiyo sababu mgonjwa wa muda mrefu hakatishwi ghafla kwa uamuzi wa kikao cha ukoo: atapata arosto ya kweli, jasho, miayo, makamasi, tumbo kukata, kuharisha, juu ya maumivu yaliyorudi. Hupunguzwa kidogo kidogo na aliyeiandika. Na mofini ikipimwa vizuri haimharakishii mgonjwa kifo. Maumivu yenyewe humsukuma mtu apumue, na dozi hupandishwa kwa kuyafuata. Pale maumivu yanapopungua sana, kwa mfano mionzi ikiwa imesinyaza uvimbe, dozi ile ile huweza kuwa nzito, na hapo pia mtaiona kwa usingizi. Wahudumu wakiambiwa wanaishusha.

Mimi, kusema kweli, huumizwa na upande wa pili wa habari hii. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilihesabu kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikigawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1. Wamarekani wamekufa kwa wingi wa dawa, na huku mama zetu wanakufa wakilia kwa kukosa dawa ya bei nafuu iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu duniani. Mama yako ni mmoja wa wachache walioipata. Sitaki aipoteze kwa sababu ya kijiko.

Chupa ihamishwe leo kutoka popote ilipo iingie kwenye sanduku lenye kufuli. Mtoto mdogo akinywa mafunda machache anaweza kulala asiamke. Isitiwe kwenye chupa ya soda wala ya juisi. Asigawiwe jirani mwenye maumivu ya mgongo, hata akiomba kwa machozi, maana dozi ambayo mwili wa mama umeizoea inaweza kumzimisha asiyewahi kuitumia. Itakayobaki, siku yoyote itakapobaki, irudishwe hospitali ilikotoka.

Na usiku wa leo, kaka akija na maneno yake, usibishane naye. Mpe daftari na simu yenye saa, mketishe karibu na mama, mwonyeshe shuka inavyopanda na kushuka, ahesabu yeye. Aandike namba na saa kwa mkono wake, kabla ya kila dozi. Mwanamume anayeogopa kwamba dawa itamkatia mama yake pumzi ndiye atakayezihesabu kwa uangalifu kuliko sisi sote.